Sifa za Mlinganyo Usio na Jibu

Singida imejaliwa vya kusifiwa. Alizeti yake husifiwa kwa mafuta, kuku wake wa kienyeji kwa mchuzi, vitunguu vyake kwa ukali unaomliza hata asiye na msiba. Lakini katika madarasa ya Kinyangiri, kata ya Wilaya ya Mkalama, kuna kitu ambacho hakijatungiwa hata ubeti: mlinganyo wa sehemu usio na jibu. Mwanafunzi huuhangaikia ukurasa mzima, kisha mlinganyo humrudisha nyumbani mikono mitupu. Leo nausimamia kama wakili wake, na hoja yangu ni moja: mlinganyo huu hutufaa kuliko wenzake wote, kwa sababu haukubali kuridhishwa na jibu la kughushi.

Tuanze na ushahidi. Chukua x/(x − 3) = 3/(x − 3) + 2. Aliyefundishwa vizuri huona kwamba asili ni moja, huzidisha kila kipande kwa x − 3, na kupata x = 3 + 2(x − 3), yaani x = 2x − 3, na mwishowe x = 3. Jibu safi, halina hata desimali. Wengi hulipigia mstari mara mbili na kuhamia swali linalofuata. Mteja wangu hapigi kelele. Anangoja tu uirudishe 3 yako mahali pa x. Ukiirudisha, asili inakuwa 3 − 3, yaani sifuri, na kugawa kwa sifuri ni kuwagawia magunia watu wasiokuwepo, kisha kuuliza kila mmoja amepata mangapi. Kikulacho ki nguoni mwako: ile 3 ilikuwa imekatazwa tangu mstari wa kwanza, chini ya sehemu, mbele ya macho yetu.

Mpinzani atauliza: ikiwa hatua zote zilikuwa za kawaida, mwanafunzi amekosea wapi? Siri iko kwenye kuzidisha. Kipande x − 3 ni kizidishio chema kwa kila x isipokuwa moja. X ikiwa 3, kinageuka sifuri, na sifuri hupatanisha wasiopatana. Namba 5 si 7, lakini zote mbili ukizizidisha kwa sifuri zinakuwa ndugu wa tumbo moja. Ukitaka kuuona ugomvi kabla ya suluhu hiyo ya bandia, hamishia 3/(x − 3) upande wa kushoto: unapata (x − 3)/(x − 3), ambayo ni 1, na mlinganyo wote unadai kwamba 1 ni sawa na 2. Nakiri, mteja wangu amesema uongo. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na yeye amekamatwa kwa mstari mmoja. Wala tusiwacheke watoto. Brahmagupta, bingwa wa hisabati wa India, aliandika mwaka 628 kwamba sifuri ikigawanywa kwa sifuri ni sifuri. Hata yeye aliteleza papo hapo.

Fadhila kubwa ya mteja wangu, hata hivyo, iko barabarani. Dereva wa bodaboda ametoka Kinyangiri kwenda Nduguti, makao makuu ya wilaya, kwa wastani wa kilomita 30 kwa saa. Anataka safari nzima, kwenda na kurudi, iwe na wastani wa 60. Arudi kwa mwendo gani? Mwenye haraka atasema 90. Umbali ukiwa d na mwendo wa kurudi v, basi d/30 + d/v = 2d/60. Upande wa kulia ni d/30 ileile, kwa hiyo d/v inabaki sifuri, na hakuna v ya namna hiyo: muda wote wa safari ulikwisha wakati wa kwenda. Akirudi kwa 90, wastani ni 45. Akirudi kwa 200, haufiki hata 53. Mjuzi atadai v iwe isiyo na kikomo, lakini mwendo huo hakuna pikipiki inayouweza. Mlinganyo wenye jibu ungempa dereva namba ya kukimbizana nayo. Huu unamwambia apunguze mwendo, maana maji yakimwagika hayazoleki.

Pingamizi la mwisho ni la mtahini: tukiusifu, wavivu wote wataandika “hakuna jibu” na kulala. La hasha. Hilo ni jibu ghali, kwani hudai hesabu yote, kisha uhakiki juu yake. Wala si sawa na sifuri: x = 0 ni ghala lililofunguliwa likakutwa tupu; hakuna jibu maana yake ghala lenyewe halipo. Basi, mwanafunzi, kabla hujazidisha chochote, andika pembeni: x isiwe 3. Ukifika mwisho ukaikuta 3 imekaa inakungoja, usifute ukurasa. Andika hakuna jibu, na hapo ndipo upige mstari mara mbili.