Usinunue Rangi: Mwongozo wa Baiskeli ya Mbio ya Mtumba

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, na ilikuwa mara ya kwanza kuja Afrika. Mwaka uliotangulia, Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France na kuondoka na jezi ya kijani. Ukiyatazama hayo kwenye simu, ukiwa Sinza au Mbagala, ni haki yako kuitamani baiskeli nyembamba yenye usukani uliopinda kwenda chini. Tatizo ni kwamba nyingi zilizo mpya zinagombania bei na pikipiki. Kwa hiyo utakwenda kwenye mtumba, kwenye zile zinazoshushwa kutoka kwenye makontena ya Japani na Ulaya.

Nenda bila wasiwasi. Mtumba mzima utakufikisha Bagamoyo na kukurudisha. Mtumba mbovu utaishia nyuma ya mlango umefunikwa khanga, na wewe utaamini kwamba baiskeli si mchezo wako. Hasara kubwa ni hiyo, kuliko hata fedha. Ili ikupite mbali, shika kanuni moja: nunua baiskeli ambayo fundi wa mtaani kwako anaweza kuitengeneza kesho asubuhi. Hatua zifuatazo zote zinaitumikia kanuni hiyo.

1. Ficha laki moja

Tuseme una shilingi 400,000. Baiskeli yako ni ya 300,000. Laki inayobaki ni ya tairi, tyubu, waya na raba za breki, pengine na mnyororo, maana hakuna mtumba usiodai kitu wiki ya kwanza. Usitembee nayo. Mwachie mama, au mweka hazina wa kikoba, mtu asiyelegea kwa simu ya kubembeleza. Wauzaji wana pua kali, na laki iliyo mfukoni hunukia kutoka mbali.

2. Pima miguu kabla ya kuangalia baiskeli

Vua viatu, simama umegemea ukuta, bana kitabu katikati ya mapaja hadi kiguse juu kabisa, kisha pima kutoka sakafuni hadi mgongo wa kitabu. Zidisha kwa 0.67. Mwenye sentimita 80 anapata karibu 54. Hicho ndicho kimo cha fremu, kuanzia katikati ya ekseli ya pedeli hadi kwenye bomba la juu, kwa zile fremu ambazo bomba hilo limelala sawasawa. Ukifika sokoni, panda uisimamie: kati yako na bomba vipite vidole viwili au vitatu.

Muuzaji atakwambia kiti kinashushwa. Ni kweli. Lakini bomba la juu halishuki, na siku utakayosimama ghafla kwenye taa za barabarani utalikumbuka kwa maumivu.

3. Soma ubavu wa tairi

Hapa ndipo wageni wengi wanapoumia, kwa hiyo tuliza macho. Ile baiskeli kubwa ya mzigo inayobeba mkaa na maziwa huandikwa 28 kwenye tairi. Baiskeli ya mbio yenye rimu ya 700C nayo mara nyingi huandikwa 28. Ukizilinganisha kwa macho utaapa ni ndugu, lakini rimu ya ile ya mzigo ina kipenyo cha milimita 635 na hii ya mbio 622. Tairi la moja halikai kwenye nyingine, hata fundi angelivuta kwa bisibisi tatu. Baiskeli nyingi za mbio za miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 zina rimu ya inchi 27, ambayo ni 630, na tairi lake ni kazi kulipata. Zile za milimani za inchi 26 ni 559.

Namba unayoitafuta ni 622. Ipo ubavuni, huandikwa pamoja na unene, kwa mfano 25-622. Tairi la inchi 29 la baiskeli za milimani nalo ni 622, ila kwa unene wake halitapita kwenye foku ya baiskeli ya mbio. Kabla hujalipa, nenda duka la spea ulilozoea, uliza kama wana tairi na tyubu za ukubwa huo, na waambie wakuoneshe. Jibu la "zinakuja" lihesabu kuwa hapana.

Tazama pia valvu. Nyingi za baiskeli za mbio ni nyembamba, zenye kichwa kidogo cha kufungua, na pampu ya fundi haizishiki. Dawa yake ni adapta ndogo ya kuskrubu, inayoifanya ijazwe kama ya gari. Nunua mbili, kwa sababu moja itapotea. Upepo uwe mwingi: tairi la unene wa milimita 25 hupenda psi 80 hadi 100, kulingana na uzito wako. Likiwa legevu, shimo la kwanza tu litaibana tyubu kwenye rimu na pancha itatoka na matundu mawili.

4. Chunguza fremu kama daktari

Njoo na sumaku. Ikinasa, fremu ni chuma, na chuma ni rafiki wa mgeni: kikipinda kidogo hunyooshwa, kikipasuka fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kukiunga. Isiponasa, huenda ni aluminiamu, nayo ni sawa ilimradi haina ufa. Fremu ya kaboni iliyotumika mwachie anayejua, kwa kuwa ufa wake unaweza kujificha ndani na kujitangaza ukiwa mteremkoni.

Pitisha kidole chini ya bomba linaloshuka, pale linapoungana na shingo ya usukani. Ukikuta mkunjo, au rangi imekatika kama uzi, baiskeli hiyo iligonga kitu kwa mbele. Iache. Legeza bomba la kiti uone kama linapanda na kushuka. Kwa sisi wa pwani, ambako upepo una chumvi, lililonasa kwa kutu linaweza kumshinda fundi. Rangi mpya ya kupuliza isikupumbaze. Uliza inafunika nini.

5. Rula kwenye mnyororo

Weka sifuri ya rula ya inchi juu ya pini moja, kisha hesabu pini 24 mbele. Mnyororo mzima hufika inchi 12 kamili. Ukizidi kwa milimita moja na nusu, mnyororo huo ni wa kubadilisha. Ukizidi kwa milimita tatu, kuna uwezekano mkubwa kwamba na meno ya nyuma yamelika, kwa hiyo punguza bei ya vyote viwili.

Idadi ya gia isikutie kiwewe. Nyuma zikiwa saba au nane zinakutosha, na spea zake ni za bei nafuu kuliko za kumi au kumi na moja. Vibadilishia gia vilivyo kwenye bomba la chini vinaonekana vya kizamani, ila vina vipande vichache vya kuharibika. Vile vilivyoungana na mikono ya breki ni vitamu kutumia, lakini mafuta yake ya ndani hukauka baada ya miaka ya kukaa. Bonyeza kila kimoja, gia zote, kwenda na kurudi. Halafu fikiria barabara zako: Dar es Salaam ni tambarare, Lushoto si tambarare. Mtu wa Lushoto atafute gia nyepesi kabla ya kutafuta jina kwenye fremu.

6. Breki

Za Japani na Uingereza, mkono wa kulia kwa kawaida huvuta breki ya mbele. Za Ujerumani, Uholanzi na majirani zao, wa mbele ni wa kushoto. Jua ya kwako ni ipi kabla hujaondoka, kwa kuwa kulibana gurudumu la mbele kwa kudhani ni la nyuma humrusha mtu juu ya usukani. Shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma: shingo ikigonga, gololi zimelegea au zimekwisha. Tikisa mikono ya pedeli kushoto na kulia, usikilize vivyo hivyo. Zungusha magurudumu. Gusa ubavu wa rimu: uliobonyea kwa ndani umeliwa na raba, na rimu hiyo iko njiani kupasuka.

7. Majibu ya kumpa muuzaji

Akisema, "Hii ilikuwa ya Mzungu, alikuwa anapanda Jumapili tu," mjibu kwa rula. Mnyororo unajua Jumapili zilikuwa ngapi.

Akisema, "Hilo dogo kaka, fundi anarekebisha dakika tano," mwambie unazo dakika kumi, airekebishe sasa hivi, utasubiri.

Akisema, "Kuna jamaa anakuja kuichukua saa tisa," mtakie heri huyo jamaa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

8. Namba na karatasi

Pindua baiskeli. Chini ya ekseli ya pedeli kwa kawaida kuna namba iliyogongwa. Ikiwa imesagwa, rudisha baiskeli taratibu na uage, kwani kuna mtu mahali fulani anaitafuta. Ikiwepo, iandike kwenye risiti pamoja na jina la muuzaji na tarehe, kisha piga picha. Ukiweza, nenda na fundi wako na umlipe muda wake. Yeye ndiye atakayeishi na baiskeli hiyo pamoja nawe, na akikunja uso, mwamini.

Ukikuta yenye kimo chako, rimu ya 622, fremu isiyo na mkunjo, gia nane zinazoitika na rangi iliyochubuka kila upande, lipa. Siku hiyo hiyo mpelekee fundi atie grisi kwenye gololi, abadilishe waya za breki na raba zake. Mikwaruzo iache kama ilivyo: haipunguzi mwendo, na mwizi huipita akitafuta inayong'aa. Fedha uliyotaka kupakia rangi nunulia kofia ngumu.