Muulize Mjomba wa Gereji: Mume Wangu Anajifunza Mwandiko wa Kiwanda

Shikamoo Mjomba. Mimi na mume wangu tunaishi Houston, Marekani. Ana Corvette ya 1963, ameifumua yote ikabaki chasisi, anataka kuirudisha vilevile ilivyotoka kiwandani. Mwanzoni nilimshukuru Mungu, nikasema heri gereji kuliko baa. Sasa kila jioni anakaa na chaki mbele ya ubao akifanya mazoezi ya kuandika tarakimu kwa mkono wa kushoto, kwa sababu ameamini kuwa mfanyakazi aliyeweka alama kwenye gari hilo alikuwa wa shoto. Wiki iliyopita alimfukuza fundi rangi kwa kosa la kupiga rangi vizuri mno. Nimrudishe kwao? – Mama Neema

Marahaba, mwanangu. Usimrudishe kwao, maana wazazi wake watauliza ana ugonjwa gani, na ugonjwa huu kwetu haujapata mganga. Ukweli ni kwamba mumeo hakuwehuka peke yake. Wazimu wake una kanuni, una fomu na una waamuzi. Tangu 1974 kuna chama huko Marekani kiitwacho National Corvette Restorers Society, ambacho waamuzi wake hulikagua gari kipande kwa kipande: tarehe iliyo kwenye chuma cha injini, aina ya kibanio cha mpira wa maji, rangi iliyorukia mahali pasipopaswa kuwa na rangi, hata chaki na madoa ya brashi yaliyowekwa na wafanyakazi kuonyesha kwamba kazi fulani imekaguliwa. Gari likipata asilimia 94 au zaidi hupewa tuzo ya Top Flight. Kwa sheria za mchezo huo, yule fundi rangi alistahili kufukuzwa. Kiwanda cha St. Louis, kilichounda Corvette hadi 1981, kilikuwa na haraka ya kiwanda, na rangi yake juu ya bodi ya fiberglass ilitoka na mawimbi. Ukipiga rangi laini kama kioo, waamuzi wanakata alama, kwa kuwa gari limekuwa zuri kuliko lilivyozaliwa.

Hapo ndipo hoja yangu inapoanzia. Mumeo anadhani anafuata ramani, na ramani haikuwapo. Mtu wa kiwandani mwaka 1963 hakuwa na nia ya kuweka chaki mahali pake milele. Alikuwa na nia ya kulisukuma gari limfikie mwenzake kabla mkanda haujampita, kisha aende zake nyumbani. Kipuri kimoja kiliweza kuletwa na wauzaji wawili tofauti, mabadiliko yaliingizwa katikati ya mwaka bila kungoja mwaka uishe, na kibanio kilipokwisha kwenye sanduku kilichukuliwa kile kilichokuwa jirani. Kwa hiyo, hali hiyo ya gari lilipotoka kiwandani, ambayo mumeo anaitafuta kwa machozi, haikuwa mpango wa mtu yeyote. Ilikuwa alasiri moja ya kazi, na mfanyakazi aliyeipitisha hakudhani kuna atakayeiulizia tena. Mumeo anaiga kwa ibada kitu kilichofanywa bila ibada yoyote, tena kwa mkono wa kushoto.

Mwambie atazame kioo cha nyuma cha gari lake mwenyewe. Corvette ya 1963 ndiyo pekee yenye kioo kilichogawanywa na uti katikati. Mchoraji mkuu, Bill Mitchell, aliupenda uti huo. Mhandisi Zora Arkus-Duntov aliuchukia kwa sababu dereva haoni vizuri anapotazama nyuma, na mwaka uliofuata ukaondolewa. Wapo wenye magari ya 1963 walioukata uti huo wakaweka kioo kizima cha 1964, wakajiona wameendelea na dunia. Leo hao ndio wanaosimuliwa kwa masikitiko, na uti uliowaudhi ndio unaopandisha bei. Sasa niambie, gari liliheshimiwa zaidi na nani: aliyelikata ili aone anakokwenda, au anayeliweka chini ya turubai asiende popote? Najua atakavyojibu. Atasema yule wa kwanza aliharibu historia. Nami nasema aliiongeza, ingawa kwa msumeno.

Kuna pingamizi lenye uzito, na sitalipitia juu juu. Watu wa chama watakuambia kwamba alama hizo za chaki ni ushahidi. Zinatuonyesha jinsi kazi ilivyokuwa ikifanyika, nani alimkagua nani, na mpangilio wa kiwanda ambao haukuandikwa kitabuni. Hilo ni kweli kabisa, na ndiyo sababu namwomba mumeo aiweke chini chaki yake. Alama iliyobaki kwenye gari lisiloguswa inatuambia habari za mfanyakazi wa St. Louis. Alama iliyoandikwa juzi inatuambia habari za mume wa Mama Neema. Mtafiti atakayekuja baada ya miaka arobaini hataweza kuzitenganisha, hasa ikiwa mumeo atafaulu kuiga. Kadiri anavyoandika vizuri ndivyo anavyouharibu ushahidi anaodai kuulinda. Wenye akili wamekwisha kuliona hili: hata Pebble Beach huko California, mashindano ya urembo wa magari yaliyoanza 1950, yana daraja la magari ambayo hayajakarabatiwa, yenye rangi iliyopasuka na viti vilivyochakaa, yakikaa jirani na yale yanayong'aa.

Pingamizi la pili ni la mfuko: gari lenye injini ileile liliyozaliwa nayo, namba zikilingana, huuzwa bei ya juu zaidi. Sibishi. Lakini bei hiyohiyo ndiyo iliyozaa mafundi wanaousaga uso wa injini nyingine na kugonga namba mpya juu yake, kazi safi kiasi kwamba mnunuzi huhitaji mtaalamu wa michirizi ya mashine ili asiibiwe. Penye tuzo ya orijino, feki hujifunza haraka. Kama mumeo anafanya biashara, aseme ni biashara, nawe umdai hesabu kila mwisho wa mwezi. Kama ni mapenzi, apige picha kila alama aliyoikuta, aziache zilizopo, asiongeze hata nukta moja. Fundi rangi aombwe radhi na alipwe. Na wewe uichukue ile chaki, Neema atahitaji kuchora chini acheze kibao.

*

Mjomba, shikamoo. Marehemu baba alituachia Peugeot 404. Imewekewa injini ya 504, ina keria iliyochomelewa na fundi wa mtaani, na mlango mmoja umetoka kwenye gari jingine. Rafiki yangu mmoja, mjuzi wa magari ya zamani, ameniambia si gari la baba tena, ni mkusanyiko wa vyuma. Anashauri niing'oe injini, nikate keria, nitafute kila kitu orijino kutoka Ufaransa, hata kama itanichukua miaka kumi. Nifanyeje? – Mwana wa Mzee, Morogoro

Marahaba, mpwa wangu, na pole kwa msiba. Swali lako limekwisha kusikilizwa na Mahakama Kuu ya London mwaka 1990, ila wenzio waligombea pauni milioni 10. Gari lenyewe lilikuwa Bentley iitwayo Old Number One, iliyoshinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1929 na tena 1930. Baada ya hapo ilibadilishwa na kubadilishwa. Ikapewa injini kubwa zaidi, na mwaka 1932 ikapinduka katika uwanja wa Brooklands na kumuua dereva wake, Clive Dunfee. Ikaundwa upya ikiwa na bodi nyingine kabisa. Ilipofika sokoni, vyuma vilivyokuwapo siku ile ya 1929 vilikuwa vya kuhesabika. Mnunuzi akakataa kulipa akisema hili silo gari nililouziwa. Maneno ya rafiki yako hasa.

Jaji Otton alikubali kwamba ukihesabu vyuma, gari halikuwa lile. Akakataa kwamba hesabu ya vyuma ndiyo yenye kauli ya mwisho. Kila kipuri kipya kiliingia kwenye gari lililo hai, likaendelea na kazi yake, na hakuna siku ambayo Old Number One ilikufa ikawekwa nyingine mahali pake. Gari lina historia isiyokatika, basi ni lenyewe, na mnunuzi atoe pesa.

Rafiki yako atasema: kwa hoja hiyo kila tapeli atashika kibati cha namba, akiundie gari zima, halafu adai ni la 1929. Hapana, hukumu yenyewe imemfungia mlango. Aliyeanza na kibati hana miaka ya katikati ya kuonyesha. Tena hata kiwanda chenyewe hakiwezi kuitoa miaka hiyo. Mwaka 1957 moto uliteketeza magari tisa ya Jaguar XKSS katika kiwanda cha Browns Lane, na mwaka 2016 Jaguar ikatangaza kuunda tisa mapya kuziba pengo hilo. Yana michoro ya kiwanda, jina la kiwanda na baraka zote za kiwanda, na hayana hata siku moja ya 1957. Lingekuwa jambo la kuchekesha kama gari hilo lingehesabiwa kuwa halisi zaidi ya 404 iliyokupeleka shule.

Na kuhusu injini, rafiki yako amechagua mahali pabaya pa kugombana. Injini ya 504 ya sentimita za ujazo 1796 ilitokana na ile ya 404 ya 1618. Baba yako hakumpachika mtoto wa watu, alimleta mdogo wake yuleyule. Kumbuka pia ni gari gani hili. Bert Shankland wa Tanzania alishinda nalo Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1966 na 1967, kwenye mbio ambazo mafundi walingoja njiani na vipuri mkononi, na mtu aliyekataa kubadilisha kipande kwa kuwa si kile cha kiwandani angemalizia safari yake matopeni. Sifa ya 404 katika nchi hizi ilijengwa na watu walioitengeneza popote ilipoharibika. Ukiirudisha ilivyotoka Ufaransa, utakuwa umefuta kila kitu kilichoifanya ipendwe Morogoro.

Sisemi usiguse kitu. Breki zikiwa mbovu tia mpya, sakafu ikioza ichomelewe. Kama ile injini ya kwanza bado ipo stoo, ifunge kwenye gunia na uitie mafuta isishike kutu, huenda mjukuu akawa na moyo wa rafiki yako. Lakini keria usiikate. Hiyo inaonyesha gari lilibeba nini. Nunua daftari, muulize mama na mafundi waliobaki nani aliweka kipi na mwaka gani, uandike kabla hawajasahau. Na miaka kumi ya kungoja vipuri, mchagua jembe si mkulima.

*

Mjomba hujambo? Nimepata Land Rover Series I, na tairi la akiba linaonekana ni la siku nyingi sana, bado lina hewa. Wenzangu wanasema hiyo ni hewa orijino na nisithubutu kuitoa. Nitajuaje kama ni ya kweli? – Mlinzi wa Hewa, Nanyuki

Sijambo, mpwa wangu. Anza na gari lenyewe. Lilipozinduliwa Amsterdam mwaka 1948 lilikuwa na bodi ya aluminiamu kwa sababu baada ya vita chuma kiligawiwa kwa mgao Uingereza, na ile rangi ya kijani iliyopauka husimuliwa kuwa ilikuwa mabaki ya rangi ya ndege za kijeshi. Yaani gari unalolilinda hivyo liliundwa kwa vitu vilivyopatikana, na waliolibuni hawakuona aibu. Mpira nao huzeeka hata ukiwa umetulia: hukauka, hupasuka kwa ndani, na huachana na nyuzi zake siku unapobeba watu. Tairi za ukubwa wa zamani bado zinatengenezwa, nunua tano. Hilo kuukuu litundike ukutani kama unalipenda. Hewa ukitaka kuihifadhi ni shauri lako, ila kabla ya yote fungua kifuniko cha vali utazame. Kama kifuniko ni cha plastiki nyekundu, hewa hiyo ni ya kituo cha mafuta kilicho hapo barabarani, na pengine hata pesa yake haijalipwa.