Niletee Tulipu

Ukihamia Uholanzi, watu wa nyumbani hawakuulizi kama umepata kazi wala kama chakula cha huko kinashuka. Wanataka tulipu. Mimi nakaa Leiden, na nimechoka kueleza kwamba ua lenyewe huonekana majuma machache tu, hasa mwezi wa nne, kisha wakulima hulikata kichwa ili tunguu lililo ardhini linenepe. Kinachodumu mwaka mzima ni jina, na jina limebandikwa kwenye kila kitu.

Balaa hili lilianzia hapa hapa mjini kwetu. Mwaka 1593 mtaalamu wa mimea Carolus Clusius alikuja kusimamia bustani ya chuo kikuu, akapanda matunguu ya tulipu, ua la milima ya Asia ya Kati ambalo Waturuki walikwisha kulienzi zamani. Watu wakaomba awauzie, akakaza mkono. Wakamwibia. Kufikia 1636 Waholanzi walikuwa wakiuziana matunguu ambayo bado yamo ardhini, na tunguu moja la aina adimu likatajiwa bei ya nyumba. Februari 1637 wanunuzi wakayeyuka. Na yale maua yenye michirizi yaliyowatia watu wazimu, michirizi yake ilikuwa ugonjwa wa virusi unaosambazwa na vidukari. Yaani matajiri walikuwa wakigombea maradhi.

Jirani yangu alipohama aliniachia kiti kiitwacho tulipu. Kilibuniwa na Eero Saarinen, Mmarekani mzaliwa wa Finland, miaka ya 1950, kwa kuwa alichukizwa na msitu wa miguu chini ya meza: kiti chake kina mguu mmoja tu wa katikati, mithili ya bua. Changu kilikuwa cha kuigiza. Ngazi za nyumba za huku zimesimama kama za kupandia mnazi, kwa hiyo kikavutwa kwa kamba na kuingizwa dirishani, mtaa mzima ukitazama. Mgeni wa kwanza kukikalia alikuwa bwana mmoja wa Morogoro, mwenye mwili wake. Saarinen alitamani kiti kizima kiwe cha plastiki, ikashindikana, mguu ukafanywa wa alumini. Aliyetengeneza changu hakupewa habari hiyo. Bwana aliponyoosha mkono kufuata ugali, bua likakatika, akalala chali na bakuli la mchuzi kifuani.

"Umesema kinaitwaje?" akauliza kutoka sakafuni.

"Tulipu."

"Kimenyauka."

Madereva wa mbio za magari, hata wale wa Safari Rally, huongozwa na vichoro vya njia panda viitwavyo tulipu, kwa kuwa vilianzia kwenye mashindano ya Uholanzi, Tulpenrallye. Hao angalau wanafika waendako. Mimi mwenzangu kazini alinialika kanisani kwao, ambako ibada ni ya Kiingereza, kwenye "jioni ya tulipu". Nikavaa shati la maua nikabeba kamera. Kumbe TULIP ni herufi za mwanzo za mafundisho matano ya wafuasi wa Calvin, yaliyotetewa kwenye sinodi ya Dordrecht, mji wa Uholanzi vilevile, mwaka 1618 hadi 1619. Herufi ya kwanza ni upotovu kamili wa mwanadamu. Tulikaa kwenye T hadi chai ikapoa, na mhubiri hakuacha kulitazama shati langu.

Lakini aliyenimaliza ni shangazi yangu wa Tanga. Nilimpelekea matunguu kwa msafiri, pamoja na cheti cha afya ya mimea, nikamweleza kwamba tulipu isipopata baridi majuma kumi na mawili au zaidi haichanui. Akayaweka kwenye friji, droo ya chini, jirani na vitunguu maji. Binamu yangu akarudi kazini na njaa, akapika maharage.

Majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, njaa ya vita ilipowabana, Waholanzi walikula matunguu haya, ila walifundishwa kuondoa kile kichipukizi cha katikati kinachodhuru. Binamu hakufundishwa na mtu. Usiku ule nyumba yenye choo kimoja ilijua maana ya foleni. Matunguu yaliyosalia yalipandwa, yakatoa majani mawili mawili, yakaona joto la Tanga, yakakata tamaa.

Nilipompigia shangazi kumpa pole hakutaka hata shikamoo yangu ikamilike. Bwana miche alikuwa amemwambia kwamba kibobakasi kilicho langoni kwake, chenye maua mekundu, Waingereza hukiita mti wa tulipu wa Afrika. Mti huo hauna udugu wowote na tulipu. Nikanyamaza.

"Kwa hiyo usitume tena," akasema shangazi. "Yangu inanyweshwa na mvua. Friji tumewarudishia samaki."