Huku Pikipiki Zinalala

Mjomba mpendwa, pamoja nanyi nyote wa kijiwe cha stendi Mbinga mtakaosomewa barua hii,

Mimi ni mzima, hofu kwenu, isipokuwa vidole viwili vya mkono wa kushoto ambavyo tangu alfajiri sina habari zake. Ni vile vya klachi. Nimevitia kwenye maji ya uvuguvugu, vikaanza kuwasha kama nimeshika upupu, kwa hiyo naamini vitarudi na kuendelea kuwa mali ya ukoo.

Juzi mliniuliza kwenye simu kama huku Bavaria, Ujerumani, nimeshanunua gari. Niliposema nina pikipiki, nikasikia kimya, halafu mtu akacheka kule nyuma. Nadhani ni binamu. Yaani nimevuka bahari nije kuendesha kilekile nilichoendesha Mbinga miaka sita! Basi sikilizeni. Zamu yangu katika nyumba ya wazee inaanza saa kumi na mbili kamili alfajiri, na basi la kwanza la kijijini kwetu linapita saa kumi na mbili na dakika arobaini. Gari linataka mshahara ambao bado haujazaliwa. Nikanunua 125 kuukuu ya Kijapani, ya kabureta, inayowaka kwa kiki kama za nyumbani.

Lakini kabla ya pikipiki kulikuwa na leseni. Leseni yetu huku wanaiheshimu miezi sita tu tangu uhamie, baada ya hapo unafanya mtihani upya, wa darasani na wa barabarani. Mimi, niliyepandisha mlima wote kutoka Mbamba Bay na abiria wawili na gunia la dagaa katikati yao! Masomo maalumu ya lazima ni 12: matano ya barabara za nje ya mji, manne ya barabara ya kasi, matatu ya usiku. Mwalimu anakufuata nyuma kwa gari, anakusemesha sikioni kwa redio kama malaika mlinzi. Siku ya kwanza akaniambia nipite katikati ya vikoni kwa mwendo wa mtu anayetembea. Nikapita kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa tayari kupokea nauli. Akaniuliza nilijifunzia wapi. Nikasema stendi. Akaandika.

Mtihani wa kwanza nilifeli, na kosa lilikuwa moja: sikugeuza shingo kutazama nyuma kabla ya kuhama njia. Nilijaribu kumweleza mtahini kwamba kwetu dereva anaangalia mbele, nyuma ni kazi ya abiria. Naye akaandika.

Oktoba ilipoisha, pikipiki zote za mtaani zikatoweka. Jirani yangu, mzee mstaafu mwenye pikipiki kubwa kama ng'ombe wa mahari, aliiosha yake, akaifuta, akajaza tangi pomoni ili kutu isipate nafasi ndani, akang'oa betri akaenda nayo chumbani kuichaji polepole, akainyanyua matairi yasiguse sakafu, mwishoni akaifunika blanketi. Blanketi, Mjomba! Mimi Julai ya darasa la sita nililala na shuka moja, tena tuko watatu. Nikamuuliza kama inaumwa. Akasema imelala, itaamka Aprili. Hata kibao chake cha namba kina miezi: pembeni pameandikwa 04 juu na 10 chini, maana yake analipia bima na kodi kwa miezi hiyo tu, na nje ya miezi hiyo hata kuiegesha barabarani ni kosa. Hebu mwambieni bosi yeyote hapo kijiweni kwamba kuanzia Novemba hesabu hakuna, chombo kimelala.

Nikamwonya mzee kwamba Wajerumani wenzake walishawahi kulaza chombo kwetu na hawakufurahi. Liuli yenu wao waliiita Sphinxhafen, kwa ajili ya lile jiwe lenye umbo la sphinx. Agosti 1914 meli yao Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, na nahodha hana habari kwamba vita vimeanza. Waingereza wakavuka Ziwa Nyasa na meli yao Gwendolen kutoka upande wa Nyasaland, nahodha wao ni rafiki yake wa siku zote, wakaitwanga mizinga palepale ilipolala. Mzee alinisikiliza kwa adabu yote, akasema gereji yake ina kufuli mbili.

Msidhani siijui baridi. Nimezaliwa Umatengo. Mnaikumbuka safari ya Julai: unatoka Mbinga na koti juu ya sweta, gazeti kifuani, kofia ya kuziba uso, ukungu umelalia kahawa na mashimo ya kilimo cha ngoro. Unashuka kona baada ya kona, kila kona unavua kitu, ukifika Mbamba Bay umebaki na fulana, na koti lako limekuwa mto wa abiria. Milima yetu inafika karibu mita 2,000 na ziwa liko kwenye mita 470 na kitu, kwa hiyo baridi ya kwetu ina mahali pa kuikimbia. Ya huku haina ziwa chini yake. Unashuka, unapanda, unapinda, nayo inakungoja kila mahali kama mdai. Kipimo kikisoma sifuri na wewe uko mwendo wa 50, ngozi inasikia kama nyuzi 8 chini ya sifuri. Kuvaa kunanichukua dakika ishirini, na nikishafunga zipu ya mwisho ndipo chai inapokumbuka njia ya kutokea.

Sasa niwaeleze kisa cha kabureta, maana fundi wetu hapo stendi bado anadai pesa ya ushauri.

Novemba, asubuhi ya ukungu, nyuzi 3 juu ya sifuri, si baridi ya kutisha. Katikati ya safari injini ikakohoa, ikapoteza nguvu, ikazima. Petroli ipo, plagi inatoa moto. Nikasimama pembeni nikitafakari, dakika tano zikapita, nikapiga kiki moja, ikawaka kama haikufanya kitu. Kilomita nne mbele, yaleyale. Siku ya pili, hivyohivyo. Siku ya tatu kulikuwa na baridi kali zaidi, hewa kavu, theluji nyeupe kila upande, nayo ikaenda vizuri hadi kazini. Nikamtumia fundi sauti kwa WhatsApp. Akajibu bila kufikiri: "Kabureta ina uchafu, fungua." Nikafungua, nikaosha, nikafunga. Ukungu uliporudi, ikazima tena. Mama mdogo naye akatuma sauti yake, akitaka kujua kabla sijasafiri niligombana na nani.

Aliyenitoa gizani ni yule mzee wa blanketi. Petroli inapogeuka mvuke ndani ya kabureta inanyonya joto, hivyo koo lake linakuwa baridi kuliko hewa ya nje. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, ule unyevu unaganda humo ndani, barafu inaziba njia, injini inakosa pumzi. Ukisimama, joto la injini linapanda, barafu inayeyuka, nawe unabaki unamshuku jirani. Baridi kali kavu haina shida hiyo kwa sababu haina maji ya kugandisha. Mzee akanipa kichupa cha spiriti ya kuchanganya kwenye petroli, na akaniambia nisiikimbize kabla haijapata moto. Haijazima tena. Mwambieni fundi nitamlipa siku atakapoona barafu ndani ya kabureta hapo Mbinga. Mama mdogo mwambieni nimewasamehe wote.

Kuhusu oili, nilikuja na akili ya 20W-50 tuliyozoea. Asubuhi ya nyuzi 10 chini ya sifuri, kupiga kiki kulikuwa kama kukanyaga ugali wa muhogo uliolala. Kumbe ile namba ya mbele ya W ndiyo inayosema oili itatiririka vipi kwenye baridi, na ikiwa ndogo ndiyo nyepesi. Sasa natia 10W-40 na mguu wangu umepona.

Kinachoua chombo huku si baridi, ni chumvi. Malori yanapita usiku yakiimwaga barabarani kana kwamba kuna samaki mbasa wa kukaushwa hadi Austria, kwa kuwa maji ya chumvi hayagandi upesi. Cheni yangu ilikuwa nyekundu ndani ya wiki moja. Nikaiosha kwa maji ya moto, kwa huruma. Kosa! Joto linaizidishia chumvi meno. Unaosha kwa maji baridi, unafuta, unapaka cheni oili, na kesho yake unaanza upya. Kwa hiyo wakati nyie mnakunywa kahawa jioni, mimi nimechuchumaa gizani na mswaki, napiga mswaki cheni.

Nimeanguka mara moja tu, darajani. Daraja linaganda kabla ya barabara nyingine kwa sababu upepo unalipoza juu na chini. Nilikuwa mwendo wa 20, taratibu kabisa. Tukateleza mimi na pikipiki sambamba, kama marafiki wanaotoka msibani, hadi kwenye ukingo. Bwana mmoja akasimamisha gari, akashuka, akatoa pembetatu ya tahadhari, akahesabu hatua, akaisimamisha, akarudi akainyoosha vizuri, ndipo akaniuliza kama ni mzima.

Usiku huo nilisoma sheria. Tangu 2017 pikipiki imesamehewa matairi ya baridi ambayo magari yanalazimishwa, lakini kwa masharti: barabara ikiwa na barafu usizidi 50, uache nafasi mbele yako, na kabla ya kuondoka ujiulize kama safari hiyo ni ya lazima. Imeandikwa kabisa kwenye sheria, Mjomba. Ingepitishwa Mbinga, kijiwe kizima kingebaki kinacheza bao.

Mwisho wa Januari mzee akaniambia, kama unataka kuona wendawazimu halisi, twende Solla. Tukapakizana kwenye 125 yangu hadi Msitu wa Bavaria. Kuna Mkutano wa Tembo wa waendesha pikipiki, ulioanza 1956 karibu na Stuttgart na kuhamia huko Solla 1989. Jina limetokana na pikipiki ya Zündapp KS 601 iliyopewa lakabu ya tembo wa kijani. Nilikuta maelfu ya watu wazima, wenye nyumba zao, wamefika kwa pikipiki na kulala kwenye mahema juu ya theluji, nyasi kavu chini ya mgongo, kwa hiari. Mmoja akaniuliza natoka wapi. Nikasema Mbinga, Tanzania. Akaitazama pikipiki yangu, akaitazama cheni, akawaita wenzake. Walidhani nimeendesha toka huko. Wakanipa supu, wakanipa mkono mmoja mmoja, na sikuwasahihisha mpaka supu ilipokwisha.

Sasa ya nyumbani. Mjomba, pikipiki yangu ya Boxer ibadilishwe oili kwa wakati, na isibebe mshikaki wa watu watatu kwenye ule mteremko wa ziwani. Hesabu ya wiki tatu haijaingia. Binamu anasema biashara imelala. Mkumbushe kwamba huko Mbinga hakuna theluji.