Heshima kwa Saa Iliyokufa

Juu ya kioo cha kinyozi ipo saa iliyokufa kitambo. Mshale mfupi umeganda kwenye 2, mrefu kwenye 12. (Mswahili anasoma nane, namba iliyoandikwa hajaiamini tangu utotoni.) Wateja wa siku zote huicheka. Kumbe wanamcheka mwalimu.

Kwanza, ni mkweli. Lewis Carroll, aliyefundisha hisabati Oxford, aliipigia hesabu: saa inayochelewa dakika moja kila siku hupatia mara moja katika miaka miwili, lakini iliyokufa hupatia mara mbili kila siku. Tena haili betri wala haimjui fundi.

Sifa yake kuu, hata hivyo, ni kuwanyima wanafalsafa usingizi. Kujua ni nini? Jibu lililozoeleka lina masharti matatu: uamini jambo, liwe kweli, na uwe na sababu ya kuliamini. Plato alipima wazo la jamii hiyo katika Theaetetus, Socrates akalikataa, kisha akaondoka bila jibu kwenda kushughulikia mashtaka yake.

Bertrand Russell akaileta saa yetu mwaka 1948. Mgeni anaingia kunyolewa, anainua macho: saa nane. Anaamini. Na kweli ni saa nane! Sababu anayo pia, maana saa hutundikwa ili isomwe. Masharti yote matatu yametimia. Muulize kinyozi kama mgeni huyo anajua saa, atajibu bila kuweka mashine chini: "Anajua wapi? Kabahatisha huyo."

Mwaka 1963 Edmund Gettier, Mmarekani, akaziba njia kwa makala ya kurasa tatu. Katika mfano wake, Smith ana sababu nzuri za kuamini kwamba kazi atapewa Jones, na kwamba Jones ana sarafu kumi mfukoni. Basi atakayepata kazi ana sarafu kumi. Kazi anapewa Smith mwenyewe, na mfukoni mwake, pasipo habari yake, zimo sarafu kumi.

Wasomi wakaongeza sharti la nne: imani isijengwe juu ya uongo. Alvin Goldman, 1976, akawapitisha barabara yenye maghala bandia, kuta za mbele tu, na katikati yake ghala moja la kweli. Dereva akalitazama hilohilo. Uongo hakuutegemea popote; bahati ndiyo iliyombeba.

Vitabu bado vinaandikwa, na neno la kinyozi, kubahatisha, halijapata sharti la kulifukuza. Kwa hiyo atakayeonekana akiingia pale na betri mpya, azuiwe mlangoni.