Sifa za Seva Mvivu

Kama kuna kiumbe aliyenyimwa sifa katika ulimwengu wa kompyuta, basi ni seva ya pili ya majina. Haitungi kitu, haiamui kitu, na haijui lolote zaidi ya ilichonakili kwa mwenzake. Watu wanaojitolea kutengeneza programu huria wakitaka jina la mradi wao lipatikane, huweka seva kuu yenye faili la majina na anwani, kisha huiomba seva nyingine ya mbali ichukue nakala. Ile kuu ina msimamizi, ulinzi na heshima zake. Ya pili ina umeme, na siku nyingine hata huo haina. Nimekuja kuisifu, na sitaficha kasoro zake hata moja, maana bila hizo ningekosa la kusema.

Kasoro ya kwanza ni kwamba iko mbali. Mwanafunzi wa Rumonge akitaka kupakua programu, simu yake huanza kwa kuuliza anwani. Jibu lisipokuwa tayari kwa mtoa huduma wake, swali hupanda Bujumbura, kilomita 70 na ushee kaskazini, na kwa kuwa Burundi haina bahari, hulazimika kupita nchi za jirani kabla ya kuufikia waya wa baharini. Lakini umbali huo ndio kinga: seva zote za mradi zikiwa chumba kimoja huko ughaibuni, waya mmoja ukikatika mlangoni mwa chumba hicho, mradi mzima umetoweka. Watu wa ufukwe wa Rumonge hawahitaji kuhubiriwa habari hiyo. Barabara ya RN3, inayokwenda Bujumbura, imebanwa kati ya milima na ziwa, na Machi 2015 maporomoko ya udongo pale Gitaza yaliifunga. Siku kama hiyo mawese ya Rumonge hayana njia ya lami ya kwenda Bujumbura, na boti ambayo jana ilichekwa kwa mwendo wake inakuwa na wateja wengi ghafla.

Wataalamu waliandika jambo hili zamani. Mwongozo wa RFC 2182 wa Julai 1997 unataka seva za majina zitawanywe kwa mahali na kwa njia za mtandao pia, wala zisirundikwe sehemu moja. Microsoft, kampuni isiyokosa fedha wala wahandisi, ilikuwa na seva nne za majina, zote nyuma ya njia moja ya mtandao. Januari 2001 badiliko moja la mipangilio liliiharibu njia hiyo, na tovuti zake kubwa zikawa hazipatikani kwa karibu siku nzima. Nne zilifanya kazi ya moja. Mradi wa Debian, ulioanza mwaka 1993 na unaoishi kwa kujitolea, umetumia seva za majina za mashirika ya nje. Ufukara mara nyingine hufundisha kile ambacho utajiri hauoni sababu ya kujifunza.

Mpinzani makini atauliza: jina lipatikane kwa faida gani, ikiwa mashine yenyewe imezimika? Atatoa mfano wa Facebook. Tarehe 4 Oktoba 2021 seva zake za majina zilikuwa nzima, lakini zilipokosa mawasiliano na vituo vyake vya data zilijiondoa kwenye ramani ya intaneti, na kampuni ikapotea kwa takriban saa sita. Hata kama seva ya mgeni ingejibu, nyumba isingefunguka. Nakubali. Ila tuangalie kilichofuata: simu na kompyuta za dunia nzima, kwa kukosa jibu, ziliuliza tena na tena, na mzigo ukawaangukia watoa huduma wasiohusika kabisa. Aliyepewa anwani ya mashine iliyolala husubiri mlango mmoja. Asiyepewa kitu hubisha hodi kwa majirani wote. Tena mradi mdogo huwa na barua pepe kwa mtoa huduma mmoja, tovuti kwa mwingine, na hazina ya programu kwa wa tatu. Jina likipotea, vyote vitatu vinapotea pamoja, ingawa hakuna hata kimoja kilichoharibika.

Kasoro ya pili, ujinga, ni tamu zaidi. Seva hii haina maoni. Kila baada ya muda huangalia namba iliyo juu ya faili la mwenzake, ambayo kwa desturi huandikwa kwa mwaka, mwezi, siku na tarakimu mbili za mwisho, mfano 2024031501. Namba ikiwa imepanda, hunakili; isipopanda, huendelea kulala. Msimamizi akibadilisha anwani akasahau kupandisha namba, seva ya pili itashikilia jibu la kale kwa ukaidi wa kustaajabisha. Akiandika makosa na kupandisha namba, itayanakili makosa yote bila kuacha nukta. Wengine huiita hatari, na wana haki. Lakini afadhali msaidizi anayekosea pale tu bwana wake alipokosea, kuliko mwenye bidii anayeongeza makosa ya kwake.

Kisha kuna jambo linalonifanya niivulie kofia. Seva kuu ikifa, ya pili haisemi. Huendelea kumjibia marehemu kama vile yuko chumba cha ndani, mpaka muda uliowekwa uishe, nao mwongozo wa RFC 1912 wa mwaka 1996 unapendekeza wiki 2 hadi 4. Kwa kampuni, huo ni muda wa aibu. Kwa mradi ambao mwenye nywila yuko kwenye mitihani, au harusini, au mahali mafuta ya jenereta yameadimika, ndio muda hasa unaohitajika. Uongo huu wa heshima una ubaya wake: kwa kuwa hakuna mtumiaji anayelalamika, kifo kinaweza kupita bila mtu kujua, na siku ya mwisho zote mbili zinanyamaza kwa pamoja. Dawa yake ni kuziuliza seva zote mbili namba zao kila siku na kuzilinganisha, kazi ya mistari michache ya programu, ambayo katika miradi mingi bado inamsubiri mtu wa kujitolea.