Sifa za Uvundo wa Chumba cha Kazi

Uvundo ni harufu ya kuvu na bakteria wanaokula karatasi, mbao, gundi na vumbi palipo na unyevu. Katika nyumba za Griftu, Wajir Magharibi, huja kwa msimu. Huingia na mvua za Gu kuanzia mwezi wa nne, na za Deyr kuanzia mwezi wa kumi, nao hupenda hasa chumba kile kidogo chenye meza, kabati la faili, na dirisha lililofungwa mwaka mzima kwa kuogopa vumbi. Wengi huutukana. Wachache wameuliza una nasaba gani.

Nasaba yake ni ya heshima. Sehemu ya harufu hiyo ni jiosmini, kemikali iliyopewa jina mwaka 1965, ambayo hutolewa hasa na bakteria wa jenasi Streptomyces. Ndiyo hiyo hiyo inayonukia udongoni mvua ikinyesha, na wafugaji huipokea kwa shukrani. Pua ya binadamu huitambua ikiwa sehemu chache tu katika trilioni. Mwanabiolojia Keith Chater wa Uingereza aliwahi kudokeza kwamba huenda ngamia wa jangwani huifuata wanapotafuta maji. Basi kinachomwongezea ngamia mwendo ndicho kinachomkunja uso mwenye faili, na si rahisi kuamua ni pua ipi kati ya hizo mbili iliyofunzwa vyema.

Uvundo pia ni adimu, na adimu huthaminiwa. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo. Kabati lililofanya koga wakati huo lingekuwa kitu cha kuitia majirani waje waone. Mafuriko ya El Niño yalipofika mwishoni mwa 2023, uvundo haukukawia. Kuvu huanza kuota kwenye plasta na karatasi zilizolowa ndani ya saa 24 hadi 48, kasi ambayo barua rasmi haijawahi kuifikia.

Tena ni dalili ya maendeleo. Aqal ya Wasomali, ya fito zilizopindwa na mikeka, haiujui: upepo hupenya, moshi hufukiza, na kila nyumba inapopakiwa juu ya ngamia mikeka huota jua. Uvundo ulingojea saruji. Ukuta wa matofali usiotengwa na ardhi kwa tabaka la kuzuia maji hunyonya unyevu kama utambi unyonyavyo mafuta ya taa. Maji yakikauka huacha chumvi nyeupe, na rangi ikabambuka. Mabati nayo hupoa usiku, hewa yenye mvuke ikafanya matone upande wa ndani, juu kabisa ya kompyuta. Mwenye aqal hana raha hiyo.

Sifa kuu ni kwamba hauhongeki. Manukato ya kopo huuchanganya tu. Uvumba kwenye dabqaad, chetezo cha Wasomali, ingawa miti ya utomvu wake huota katika kaunti hiyo hiyo ya Wajir, huupatia jirani mwema bila kuuhamisha. Rangi mpya juu ya koga hudumu hadi mvua ijayo. Unachodai ni maji yatafutwe yanakoingilia: bati lililotoboka, mfereji wa paa unaomwaga ukutani, tangi linalovuja, kiwanja kilichoinamia nyumba. Baada ya hapo kabati lisogezwe mbali na ukuta, madirisha yanayoelekeana yafunguliwe saa za hewa kavu, plasta iliyooza ikwanguliwe na ukuta upakwe chokaa. Anayekwangua afunike pua na mdomo, kwa maana uvundo una kasoro hii moja, kwamba mbegu za kuvu huamsha pumu. Katoni na zulia lililolowa vitupwe. Karatasi zikaushwe kivulini penye upepo, kwa kuwa jua kali hufifisha wino.

Unyevu wa hewa ukishuka chini ya asilimia 60, kuvu hukosa riziki. Mijini watu hununua mashine ya kufanya kazi hiyo. Griftu huifanya Jilaal, kiangazi cha mwanzo wa mwaka, bila malipo. Uvundo huondoka ulivyokuja, ukiacha pembezoni mwa kurasa mistari ya rangi ya chai isiyofutika.